Kaka anasema nimeshaolewa, sina changu kwa baba

SWALI: Shangazi shikamoo. Baba yetu alifariki mwaka jana bila wosia, kaacha shamba la zabibu huku Mvumi alilonunua mwenyewe na kiwanja Nkuhungu chenye hati ya zamani ya CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu Dodoma. Tuko watoto wanne, wa kike ni mimi na mdogo wangu. Kikao cha ukoo kikamchagua kaka mkubwa awe msimamizi, mahakama ya mwanzo ikampitisha, sasa naona analeta madalali pale kiwanjani na mi ananiambia nimeshaolewa nikale kwa mume wangu. Baba mdogo naye anasema mila ya Wagogo ndo ilivyo. Nidai au ninyamaze nisivunje undugu? Msomaji, Chamwino.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na msiba. Dai. Kuolewa hakujakutoa kwenye utoto wa baba yako, hayo ni maneno ya vikao vya ukoo, na mbona kaka yako naye kaoa na hakuna aliyemwambia akale ukweni?

Fungu lako litategemea baba aliishi vipi. Kama alikuwa Mwislamu na aliishi hivyo, binti anapata nusu ya anachopata mtoto wa kiume. Kama aliishi kikristo na mambo ya mila alishayaacha, watoto wote mnalingana. Kwenye mila sasa, ndo baba mdogo anapojifichia, kuna kanuni za mwaka 1963 ambazo mpaka leo zinamweka binti daraja la tatu kwenye warithi na ardhi ya ukoo anaitumia tu hawezi kuiuza, kanuni za ajabu kwa kweli, ila hata hizo hazisemi utoke mikono mitupu, na shamba alilonunua baba kwa hela yake sio la ukoo. Halafu mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, alishaamua kesi ya Holaria Pastory, mama wa Kagera aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake ndugu wakataka kulirudisha, jaji akasema mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanaume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inasema mila inayomnyima mwanamke kumiliki ardhi ni batili.

Ila kwako wewe moto uko kwa msimamizi. Watu wengi wanadhani msimamizi ndo mwenye mali, siyo, kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kwa warithi, na ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe anatakiwa apeleke mahakamani orodha ya mali na madeni, ile fomu namba 5. Nenda mahakama ileile, muone karani, ulizia namba ya shauri la mirathi uombe kuona jalada, uangalie kama wewe na mdogo wako mmeandikwa kwenye warithi maana wapo wanaoandika watoto wa kiume tu. Mkiwa mmerukwa, au orodha haipo, andikeni malalamiko kwa hakimu aitwe ajieleze, mahakama inaweza kumvua usimamizi. Hakimu akikataa, rufaa mahakama ya wilaya ni ndani ya siku 30, usizubae.

Kiwanja kisisubiri hayo. CDA ilivunjwa 2017 na kazi zake zikaenda halmashauri, kwa hiyo peleka barua ofisi ya ardhi ya Jiji na kwa Msajili wa Hati kwamba mirathi ina mgogoro, kopi mpe na dalali, utaona anavyopotea. Shamba la Mvumi kamweleze mtendaji wa kijiji.

Hela ya wakili kama huna, muone afisa maendeleo ya jamii akuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria, msaada wao ni bure. Undugu usikutishe, aliyeleta dalali kimyakimya ndo kaanza kuuvunja. Na wakikuletea muhtasari wa kikao wa kusaini, usome wote kwanza, ukiona mahali pameandikwa umeridhia kuuza au umeachia fungu lako, rudisha kalamu yao.