Shambulio la Upande wa Mfalme Halianzi kwa Kafara

SWALI: Nimecheza sataranji kwa miaka kadhaa. Hivi karibuni, nikiwa na kete nyeupe, nilimtoa kafara askofu wangu, yaani nilimwacha aliwe kwa makusudi ili nishambulie, kwa kumla askari wa h7 (herufi hutaja safu ya wima ya ubao, namba hutaja safu ya mlalo). Mfalme akamla askofu, nikamtishia kwa farasi g5, akarudi g8, nami nikamleta malkia h5 nikitarajia mati, yaani mfalme atishiwe asiwe na pa kukimbilia. Mpinzani akamtoa askofu wake c8 na kumweka f5, na shambulio likafia hapo. Nimeambatanisha picha ya ubao. Nilikosea hatua ipi, na je, kuna kafara nyingine ya uhakika zaidi?

JIBU: Ndugu msomaji, mpangilio wa hatua hukuukosea. Kosa lilitangulia hatua zote, pale ulipoamini kwamba kafara ile ni kanuni inayojitosheleza, ilhali ni tunda la hali maalumu iliyokwisha kujengwa ubaoni. Kafara hii imo katika maandishi ya Mwitalia Gioacchino Greco ya mwanzoni mwa karne ya 17, na masharti yake yanajulikana: askari mweupe wa e5 amekwisha kumwondoa farasi f6, askofu wa c1 anailinda g5, na askari mweusi aliyesimama e6 amemfungia njia askofu wa c8, hivyo hakuna kete nyeusi inayoweza kuifikia h7 kwa wakati. Masharti mawili ya kwanza ulikuwa nayo. La tatu hukulitazama. Picha yako inaonyesha kwamba e6 na d7 zilikuwa tupu na kwamba ngome ya f8 iliilinda f7, kwa hiyo askofu alipotua f5 malkia wako hakuwa na pa kuingilia, wala hakuna kete yako nyingine iliyokuwa njiani kumsaidia.

Sehemu ya pili ya swali lako ndiyo inayonisumbua, kwa sababu nakutana nayo kila mara kwa wanafunzi wenye bidii kabisa: mtu ameshindwa kwa kafara moja, na anachoomba ni kafara nyingine. Wilhelm Steinitz, aliyetwaa taji la kwanza la ubingwa wa dunia mwaka 1886, alisisitiza kwamba shambulio lazima lisimame juu ya faida ambayo mchezaji anayo tayari, iwe ni nafasi katikati ya ubao, udhaifu katika askari wanaomkinga mfalme, au wingi wa kete katika upande ule. Asiye na faida hiyo, hata akibuni kafara ya kupendeza namna gani, anamtegemea mpinzani akosee.

Tazama mchezo wa Emanuel Lasker, bingwa wa dunia wa baadaye, dhidi ya Johann Bauer, Amsterdam, mwaka 1889. Watu husimulia maaskofu wawili waliotolewa kafara, mmoja h7 na mwingine g7, na hadithi huishia hapo. Lakini kafara ya kwanza ilikuja katika hatua ya 15. Kabla yake Lasker alikuwa amemhamisha farasi kutoka c3 kupitia e2 hadi g3, amewaelekeza maaskofu wote wawili upande wa mfalme mweusi, na amemweka malkia e2 ambapo h5 na g4 zilikuwa wazi kwake. Muhimu kuliko yote, askari wa safu ya f alikuwa amesogea f4 tangu hatua ya kwanza, na nyuma yake ngome ya f1 iliweza kupanda f3 kisha kugeukia h3. Ngome hiyo ndiyo iliyomlazimisha Bauer kumtoa malkia wake ili kuepuka mati. Pamoja na hayo yote, Lasker hakupata mati papo hapo; katika hatua ya 22 malkia wake aliwatishia maaskofu wawili kwa mpigo mmoja, akamchukua mmoja, na ushindi ukafuata baadaye.

Kwa hiyo kabla ya kutoa kete, hesabu kete zako zinazoweza kufika upande wa mfalme ndani ya hatua mbili au tatu, kisha hesabu za mpinzani zinazoweza kuja kulinda, ukiwahesabu pia maaskofu walio mbali lakini wenye njia wazi. Tazama na katikati ya ubao: ikiwa iko wazi, mpinzani hatakungoja, atakujibu huko huko wakati kete zako zimekwisha kusogea pembeni.

Sasa kuna watu wanaouza video na makabrasha ya mitego wakiahidi ushindi katika hatua kumi. Wanaonyesha michezo ambayo mweusi anajibu vibaya kila mara, na hawaonyeshi hata mmoja ambao askofu anatua f5. Naona hasara yake kwa vijana wenye vipaji: wanashinda mechi za mwanzo, kisha wanakutana na mchezaji anayejua kujilinda na wanakwama kwa miaka, maana hawakuwahi kufundishwa kuuliza kete ya mpinzani inaweza kwenda wapi. Ukitaka kumlipa mtu akufundishe kushambulia, mtake kwanza akuonyeshe michezo ambayo shambulio hilo hilo lilivunjwa, na akueleze ni sharti gani lilikosekana. Asiyeweza kufanya hivyo usimpe fedha yako.