Kukata tamaa siko kukana maana

SWALI: Ninatafsiri makala kuhusu filamu za majambazi wa Kijapani. Mwandishi anazungumzia unihilisti, yaani falsafa ya kwamba hakuna chenye maana duniani. Wenzangu wananishauri niandike "kukata tamaa". Je, inafaa?

JIBU: Haifai hata kidogo. Unihilisti umetokana na neno la Kilatini la "si kitu", na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni huu mtindo wa kuandika "amekata tamaa" kila mhusika anapoua au kufa bila kujali. Tamaa hukatwa na aliyekuwa nayo, kama mkulima aliyengoja mvua za vuli mpaka mbegu zikamwozea.

Sasa mtazame jambazi Murakawa katika Sonatine, filamu ya mwongozaji Takeshi Kitano ya mwaka 1993. Amejificha katika kisiwa cha Okinawa na vijana wake, na hapo ufukweni wanacheza mchezo wa mikono wa jiwe, karatasi, mkasi ili anayeshindwa aelekezewe bastola. Anaposhindwa yeye, anajiwekea mtutu kichwani na kufyatua huku akitabasamu, na kumbe bastola haina risasi. Ni tamaa gani iliyokatwa hapo? Hakuna anachokililia wala anachokitarajia. Kwake kufa na kuishi ni mamoja, na jambo hilo linatisha kuliko huzuni yoyote.

Kosa huzidi tukifika kwa mwongozaji Kinji Fukasaku. Filamu nyingi za miaka ya 1960 zilikuwa zimempamba yakuza, yaani jambazi wa Kijapani, kuwa muungwana anayekufa kwa ajili ya ahadi. Mwaka 1973, katika Jingi naki tatakai, yaani mapigano yasiyo na utu wala uadilifu, Fukasaku alianza na wingu la bomu la atomiki, akaingia katika soko la magendo la mji wa Kure, akatuonyesha wakubwa wanaowauza vijana wao. Mwishoni Hirono, mhusika mkuu, anafika kwenye mazishi ya rafiki yake Sakai na kuimiminia risasi madhabahu iliyopambwa na wanafiki walewale. Huyo hakukata tamaa, amekataa: anaikana heshima ya uongo mbele ya wenyewe.

Kwa hiyo andika "ukanaji wa maana". Kukana tunakujua vizuri, kwani watu hukana deni, hukana dini, hukana hata ndugu zao. Mhariri wako akishikilia "unihilisti", mwachie, wasomaji wa falsafa watamwelewa. Lakini hiyo "kukata tamaa" ifute kila ilipo, hata kama imeshawekwa kwenye kichwa cha makala.