Kafyu ikirudi: kanuni, anayeisimamia na adhabu

Kabla hujabishana na mtu kuhusu doria za kafyu (amri ya kutotoka nje usiku) hapa Uganda, mwulize mwaka 2020, nchi ilipofungwa kwa ajili ya korona, riziki yake ilitoka wapi. Mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi na ua lenye geti aliiona doria kama ulinzi. Bodaboda aliyekatazwa abiria akaachiwa mizigo tu, au muuza mboga aliyeambiwa alale palepale sokoni ili asipeleke ugonjwa nyumbani, aliiona doria ileile ikimpokonya sahani. Ukiwauliza kama askari walifanya vema, mtakesha. Uliza mambo matatu, moja moja: kanuni yenyewe, anayeisimamia, na adhabu.

Kwenye kanuni watu hawakutofautiana sana. Usafiri wa umma ulisimamishwa Machi 25, magari binafsi Machi 30, kisha ikaja kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Manung'uniko yalitoka kwenye mianya. Mjamzito, kwa mfano, mwanzoni alihitaji kibali cha RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, na RDC ni mmoja kwa wilaya nzima. Uchungu ukianza usiku wa manane, kibali utakipata wapi? Aprili Rais aliliondoa sharti hilo. Kwa hiyo mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), siku amri mpya inapotangazwa, andika kwanza orodha ya dharura: uzazi, dawa za kila siku kama za kisukari na za VVU (ARV), msiba. Tafuta madereva wawili wenye magari yanayotembea, uwaombee vibali mapema, na namba zao zibandikwe mahali kila nyumba itaziona. Dereva mmoja hatoshi, maana simu huzimika.

Anayeisimamia ndiye aliyewagawa watu zaidi. Barabarani walikuwapo polisi, wanajeshi wa UPDF (jeshi la taifa) na LDU, askari wa ulinzi wa mitaa walio chini ya jeshi, na anayesema "polisi walinipiga" mara nyingi anamzungumzia LDU. Hao waliletwa kupambana na uhalifu wa mjini, ghafla wakakabidhiwa wachuuzi na wapita njia. Malalamiko yalizidi hadi Julai 2020 wakaondolewa doria wapelekwe mafunzo upya. Tofauti hii ina kazi yake. Polisi hushtakiwa kwa kitengo chao cha nidhamu, PSU. Mwanajeshi au LDU kwa kamanda wake. Na Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda huwapokea wote. Angalia rangi ya sare, namba ya kifuani, namba ya gari, saa na mahali. Usimpigie picha mwenye bunduki usoni pake, andika ukishaondoka.

Adhabu je? Hapa hatuna pande mbili. Hakuna kanuni ya kafyu iliyoruhusu kiboko barabarani, na Katiba haikubali mateso hata wakati wa hali ya hatari. Anayesema "walistahili, walitoka wenyewe" anachanganya kosa na hukumu, na hukumu ni kazi ya mahakama. Wanawake wachuuzi walipopigwa Kampala mwishoni mwa Machi 2020, mkuu wa majeshi wa wakati huo, Jenerali David Muhoozi, aliomba radhi hadharani. Hata mahabusu yana mipaka: ndani ya saa 48 ufikishwe mahakamani au uachiwe, uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa, na dhamana ya polisi hailipiwi hata shilingi. Kinachokwamisha ni mdhamini. Ndugu yako aje na kitambulisho cha taifa na barua ya LC1, la sivyo atarudishwa.

Pikipiki ikikamatwa, usiiache bila karatasi yenye namba yake ya usajili, kituo na jina la aliyeipokea. Bila hiyo utazungushwa vituo vitatu.

Ukiumizwa, fuata mpangilio huu. Hospitali kwanza, na omba daktari aandike ukubwa wa kila jeraha na mahali lilipo. Piga picha siku hiyo, kisha tena baada ya siku mbili, kwa sababu michubuko huiva baadaye. Chukua Fomu ya Polisi namba 3 (PF3), ijazwe na daktari. Kama aliyekuumiza yuko kituo kile, nenda kingine. Majina ya mashahidi wawili yaandikwe kabla hawajahama. Wengi hushindwa hapa: wanaleta hasira na video bila tarehe, jalada linafungwa. Sheria ya 2019 ya kutekeleza haki za binadamu inamfanya afisa mwenyewe awajibike, si serikali peke yake, lakini lazima umtambue.

Malalamiko kwa Tume hayapokelewi baada ya miaka mitano tangu tukio. Ya 2020 yamepitwa. Lakini aliyepigwa Mubende au Kassanda Oktoba 2022, wakati wilaya hizo zilipofungwa kwa ajili ya Ebola, ana hadi Oktoba 2027.