Mtambo mpya wa kompyuta: watu wamefaulu mafunzo, zamu bado inakosea

Ndugu, umeuliza kwa nini zamu yenu ya usiku inaboronga wakati kila mtu alifaulu mafunzo ya mtengenezaji. Mimi niko chumba cha kuongozea mitambo, kiwanda cha shaba, hapa Lubumbashi, miaka mingi sasa. Usiombe mafunzo mengine ya skrini. Vitufe wanavijua. Kinachokosekana ni kuulizana.

Chukua vali ya asidi. Kwenye skrini imebadilika rangi. Je, imefunga kweli, au ni amri ya kufunga tu iliyotumwa? Kule Three Mile Island, kituo cha umeme wa nyuklia Marekani, Machi 1979, taa ilizimika, wahudumu wakaamini vali imefunga. Kumbe taa ile ilionyesha amri, si vali yenyewe, na maji ya kupoza kinu yakaendelea kuvuja kwa zaidi ya saa mbili. Wale hawakuwa wajinga. Taa waliisoma sawasawa.

Kwetu aliye kwenye skrini huuliza kwa redio, na aliye chini kwenye mabomba hujibu alichokiona: "Mshale wa vali umelala, bomba limenyamaza." Jibu la "sawa shefu" halipokelewi. Mgeni naye hukaa kwanza huko chini, afuate mabomba kwa miguu pamoja na mzee wa kazi, ndipo apewe kiti.

Jambo gumu zaidi huku kwetu ni heshima. Kijana gani atamwambia papa aliyezeeka kazini kwamba amekosea? Na si sisi tu. Kisiwa cha Tenerife, Hispania, mwaka 1977, ndege ya KLM ikikimbia ili iruke, mhandisi wake aliuliza kama ndege ya Pan Am imeshatoka kwenye njia ya kurukia. Rubani mkuu akajibu kwa mkazo kwamba imetoka, mhandisi akanyamaza. Ndege zikagongana, wakafa watu 583. Baada ya ajali kama hizo ndipo mashirika ya ndege yakaanza kufundisha marubani na wenzao kama kikosi, si mmoja mmoja.

Dawa yetu ni ndogo: wakati wa kupokezana zamu, mdogo kuliko wote ndiye anayeanza kusema, shefu wa mwisho. Shefu akishasema, nani tena ataongeza neno? Mwanzoni wazee walinuna sana. Mazoezi ya umeme kukatika nayo tunafanya zamu nzima pamoja, mtambo ukiwa umesimama kwa matengenezo.

Sasa nijibu nawe: kwenu zamu inayotoka na inayoingia zinakutana uso kwa uso, au mnaachiana daftari tu?