Sanduku la Vifaa la Baba Seremala: Usianze na Msasa

Seremala akifariki, kuna kosa ambalo familia hulifanya kwa nia njema kabisa. Mtu anachukua msasa na brashi ya waya, anasugua vifaa vya mzee mpaka vinang'aa, kisha anavipanga kabatini. Kwa mchana mmoja amefuta kilichoandikwa kwa miaka 40.

Kifaa cha fundi husomeka. Chukua patasi. Ikiwa mpya, chuma chake kilichotokeza nje ya mpini huwa kirefu, sentimita 10 au zaidi. Ukikuta kimebaki sentimita 4, ujue patasi hiyo imepita juu ya jiwe la kunolea mara zisizohesabika, na ndiyo iliyolisha nyumba. Ile ndefu iliyokaa kama ilivyotoka dukani hakuipenda. Randa ya mbao huwa imeingia ndani kidogo pale kidole gumba kilipokaa. Kishimo kikiwa upande usioutarajia, huenda mzee alitumia mkono wa kushoto akiwa kazini, jambo ambalo hata watoto wake wanaweza wasijue.

Kinachotupwa mapema kuliko vyote ndicho chenye thamani zaidi: vijiti vyenye alama za penseli na vipande vya plaiwudi vilivyokatwa kwa maumbo ya ajabu. Hivyo ni vipimo na violezo vyake. Alama ya sentimita 45 hivi pengine ni kikalio cha kiti, ile ya 75 ni meza. Ukiwa na kijiti hicho, fundi mwingine anaweza kutengeneza kiti kilekile bila kumuuliza mtu. Usikichome.

Kwa hiyo, kabla hujagusa kitu, piga picha kila kilipo, kisha kimoja kimoja kikiwa na rula pembeni. Funga kikaratasi kwa uzi kwenye kila kifaa. Gundi huacha doa kwenye mpini. Andika kwa penseli, maana wino huyeyuka ukikutana na mafuta. Jina uandike lile alilolitumia yeye, hata kama si la vitabuni. Waite wanagenzi wake wakutajie majina hayo, na urekodi sauti zao kwa simu. Kisu cha randa, kifuniko chake na kabari yake vifungwe pamoja. Vikigawanywa kwa watoto watatu, hakuna aliyerithi randa.

Sasa kutu. Ile nyepesi inatoka kwa mafuta ya taa na steli wulu laini, ukisugua kufuata urefu wa chuma. Ile nzito inahitaji siki nyeupe ya kawaida. Loweka chuma peke yake, bila mpini, kwa muda wa saa 4 hadi 12, ukichungulia kila baada ya saa moja au mbili, kwa sababu siki ikishamaliza kutu huanza kula chuma chenyewe. Suuza kwa maji yenye kijiko kimoja cha bikabonati ya soda kwa kila lita, kausha papo hapo kwa kitambaa, upake mafuta ya mashine. Ukichelewa dakika chache tu, utaona chuma kimeanza kugeuka rangi ya chungwa tena. Panapokuwa na mhuri wa kiwanda au herufi za jina la mzee, simama. Hapo tumia kitambaa na mafuta basi.

Mipini usiipige msasa. Ule weusi unaong'aa ni jasho la mikono yake. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha ikauke, paka mafuta ya mbegu za kitani (linseed) tone kwa tone, ufute yaliyozidi baada ya dakika 15. Tahadhari: matambara yenye mafuta ya kitani yakikunjwa na kutupwa konani hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto. Yatandaze nje moja moja mpaka yawe makavu na magumu. Nyundo inayocheza kwenye mpini watu huizamisha kwenye maji. Mbao inavimba, inabana siku mbili, kisha ikikauka inalegea kuliko mwanzo. Dawa yake ni kabari mpya.

Wasifu wa marehemu utaandikwa vizuri zaidi baada ya kazi hii kuliko kabla yake. "Alikuwa fundi hodari aliyeipenda familia yake" ni sentensi inayomfaa kila fundi duniani. Andika kwamba aliunga fremu zake kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya mbao moja kuingia kwenye tundu la nyingine, ulimi ukiwa theluthi ya unene wa mbao, bila msumari. Taja aliyemfundisha, kifaa alichonunua kwanza, mbao aliyokataa kuifanyia kazi, na kazi yake ambayo bado imesimama na watu wanaitumia. Angalia pia daftari lake: humo mna vipimo vya kazi ambazo hazikumalizika na malipo ya awali ya wateja. Hilo lishughulikiwe mapema, kwa heshima ya jina lake.

Kama fremu ya mlango wa karakana ina alama za urefu wa watoto, mwaka hadi mwaka, iondoe kabla jengo halijauzwa wala kupakwa rangi. Usiigonge kwa mbele. Ingiza bapa jembamba nyuma yake, panua taratibu, kisha kata misumari kwa bapa la msumeno wa kukatia chuma. Misumari iliyobaki ndani ivutwe kwa koleo kutokea nyuma. Ukiisukuma kurudi mbele, mbao itapasuka juu ya alama zenyewe.

Vifaa vihifadhiwe pakavu. Patasi usiziache ndani ya ala za ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu na kuleta kutu. Mwanafamilia akitaka kuzitumia, anoe kwa pembe ya nyuzi 25 na kumalizia 30, akiwa mbali na grainda: chuma kikigeuka buluu, kimepoteza ugumu wake na hakitashika makali.

Atalikuta pia jiwe la kunolea la mzee, limelika katikati kama mtumbwi. Jiwe la namna hiyo halitoi makali yaliyonyooka. Linaweza kusawazishwa kwa msasa uliolazwa juu ya kioo. Lakini ule mtumbwi ni mkono wake. Anunue jiwe lingine.