Mche wa Embe Katikati ya Mchicha

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: mwenye eneo dogo nyumbani aanze na miti ya matunda au aanze na mboga? Najua wengi watajibu mboga, kwa kuwa mchicha unaliwa ndani ya mwezi mmoja na embe linasubiriwa miaka. Mimi nasema vipandwe siku moja, mahali pamoja. Nasema hivyo kwa sababu nimepoteza miche mitatu ya miembe kabla ya kuelewa kwamba mboga ndizo zinazolea mti.

Naishi Kihonda, Morogoro. Kiwanja chetu ni mita 20 kwa 25. Ukitoa nyumba, shimo la maji machafu na njia ya kupitia, uani pamebaki kama mita 8 kwa 12. Tulipohamia nilinunua miche mitatu ya embe dodo ya kubebesha, yaani kikonyo cha mti bora kimeunganishwa juu ya shina la mche mwingine, nikaipanda nyuma kabisa, uzioni, kwani kila mtu alinitisha kwamba mizizi ya mwembe itapasua msingi. Toka mlango wa jikoni mpaka pale ni hatua kumi na nane tu. Lakini maji ya bomba kwetu hayatoki kila siku, na hatua kumi na nane na ndoo mkononi saa moja jioni, baada ya kazi, mtoto analia na ugali uko jikoni, ni safari. Masika yalipoisha miche ilikuwa na majani mapya, yale mekundu yanayong'aa. Kufika Julai nikawa najiambia kesho, kesho. Mmoja ulikauka. Wa pili mchwa waliuanza chini, nikagundua siku ulipolala. Wa tatu uliliwa na mbuzi.

Wakati huohuo tuta langu la mchicha mlangoni lilikuwa limestawi vizuri kabisa. Hilo sikulihangaikia hata kidogo. Maji ya kuoshea mchele yaliishia pale, maji ya kusuuzia vyombo yaliishia pale, na kila jioni niliinama kuchuma.

Jirani yetu ni bibi wa Kiluguru, mzaliwa wa Mgeta huko juu milimani, kunakotoka karoti, kabichi na matunda damu tunayonunua sokoni. Alikuja siku moja kuazima jembe, akasimama mbele ya ule mche uliokauka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huu mti ulikuwa unakaa na nani huku?"

Sikuwa na jibu. Akacheka kidogo, akachukua jembe akaenda. Nadhani hakujua kama amenifundisha kilimo chote ninachokijua leo.

Msimu uliofuata nilinunua mche mmoja tu. Nikachimba shimo karibu na jikoni, mita sita hivi toka ukutani, la sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini. Udongo wa juu, ule mweusi, niliuweka kulia. Wa chini, ule mwekundu, kushoto. Ule wa juu nikauchanganya na madebe mawili ya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri nikaurudisha shimoni, nikauacha wiki tatu ushuke. Samadi mbichi inaunguza mizizi, msiiharakishe. Mvua za vuli zilipoanza nikapanda, kiungo cha kubebesha kikiwa juu ya udongo kwa zaidi ya kiganja. Halafu nikauzungushia mche huo tuta la mchicha, kuanzia shubiri mbili toka kwenye shina ili mboga isigombanie chakula na mizizi michanga. Kiangazi kilipoingia nikaligeuza liwe tuta la kuzama: unachimba chini kidogo badala ya kuinua, maji yanakaa, hayatiririki kwenda kwa jirani.

Kuanzia hapo sikuukumbuka tena mche kama kazi. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, nilizichanganya na mchanga nikazimwaga kwenye mistari, na wiki ya nne tukaanza kula. Kila nilipoinama kung'oa mchicha, uso wangu ulikuwa umbali wa mkono tu toka kwenye mche. Ukiinama hapo kila siku unaona mambo ambayo hutayaona ukiwa umesimama mlangoni. Niliona handaki la udongo la mchwa likipanda shina, jembamba kama utambi, nikalivunja kwa kidole na kumwaga majivu. Niliona vidukari wamejipanga chini ya jani changa na sisimizi wakiwachunga. Na jambo ambalo mpaka leo namweleza kila anayenunua mche: niliona ule utepe wa nailoni aliofungia fundi wakati wa kubebesha bado upo, umezama ndani ya ganda. Shina limevimba juu yake na limebaki jembamba chini, kama mkono wa mtoto aliyevalishwa bangili ikambana. Nikaukata kwa wembe taratibu, upande usio na kidonda. Laiti mche ule ungekuwa uzioni, ungenyongwa huko na mimi ningesema mbegu mbaya.

Mchungwa nao ulinipa somo langu chungu. Nilikuwa nimeupanda mapema, pale yanapotokea maji ya bafuni, na haukuwa na shida ya maji hata siku moja. Shida ilikuwa macho yangu. Michungwa ya kubebesha mingi inapandikizwa juu ya shina la limao, kwa kuwa limao lina mizizi migumu. Chini ya kiungo likatoka chipukizi lenye afya, linakimbia, lina miiba mirefu. Nikafurahi. Nikalipa samadi! Lile tawi la juu likadhoofika polepole mpaka likafa, na mwaka wa nne nikavuna matunda yenye ngozi ya mabonge, makali ya kukunja uso. Nilikuwa nimelea limao miaka minne nikiliita chungwa. Aliyeniuzia hakuwa na kosa. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kiungo ling'oe kwa kidole likiwa bado laini, usisubiri mkasi.

Mwembe ulitoa maua mwaka wa pili. Niliyakata yote, na nililia moyoni, lakini mti mdogo ukibeba matunda unasimama kukua. Niliukata pia kilele ulipofika usawa wa kifua changu ili utoe matawi chini. Uani pa mita nane hapahitaji mwembe wa kupandia ngazi. Wangu nachuma kwa mkono. Mwaka wa nne tukala maembe 23. Niliyahesabu moja moja, na mama mkwe wangu alipewa la kwanza.

Kuna jambo moja wanaoanza hawaambiwi: mboga na mti havikai pamoja milele. Kivuli kikikua, mchicha unarefuka shingo na kuwa na majani membamba. Huo ndio wakati wa kuuhamisha, na chini ya mwembe ukaingiza magimbi na tangawizi, ambavyo havichukii kivuli. Mwembe mkubwa wenyewe hautaki tena ndoo yako kila siku. Unahitaji kipindi cha ukavu na ubaridi ili utoe maua, ndiyo maana hapa kwetu unachanua Juni na Julai. Ukiumwagilia miezi hiyo utapata majani mazuri sana. Basi maji yale nimeyahamishia kwenye mche mdogo mwingine, na mchicha umehama nao.

Wadudu nao wanahitaji jicho la karibu. Kuna inzi wa matunda aliyetokea Asia, akaonekana kwa mara ya kwanza pwani ya Kenya mwaka 2003, na haukupita muda akawa kwetu pia. Wataalamu wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hapahapa Morogoro, wamemchunguza sana. Jike anatoboa embe linalokaribia kuiva na kutaga ndani. Unalipasua embe zuri la manjano, unakuta funza. Nilikuwa naliokota embe lililoanguka na kulitupa kwenye lundo la mboji, na hilo lilikuwa kosa langu kubwa, kwa sababu funza wanatoka kwenye tunda wanaingia udongoni, na baada ya wiki kadhaa wanarudi wakiwa inzi. Sasa kila asubuhi naokota yaliyoanguka, nayafunga kwenye mfuko mweusi wa taka, naanika mfuko juani mpaka kila kitu ndani kife. Watoto ndio wenye kazi hiyo kabla ya chai. Mwaka wa kwanza kufanya hivyo tulipata nafuu, mwaka wa pili zaidi. Ila jirani akiacha yake yaozee chini, inzi hawajui mpaka wa kiwanja. Nilikwenda kuwaomba majirani watatu kwa upole, na wawili wamekubali.

Nyanya nimezipunguza. Kiwavi aliyeingia nchini mwaka 2014 kupitia kaskazini, ambaye wakulima walimbatiza Kantangaze, anachimba ndani ya jani na kuacha mabaka meupe yenye njia, kisha jani linakauka kama limepitiwa na moto. Mwenye miche sita mlangoni anaweza kuyachuma majani hayo kila asubuhi na kuyafukia. Mwenye miche sitini ambaye yuko kazini kutwa hawezi, na atajikuta anapiga dawa kwenye chakula cha wanawe. Kwa hiyo nina nyanya sita, na nafasi iliyobaki nimeipa ngogwe, bamia, mnavu na matembele, mboga zetu ambazo haziniletei presha. Matembele unakata marando, unachomeka, unasahau.

Mipapai nasema kwa kifupi: weka miche mitatu shimo moja, subiri maua, ng'oa dume lenye maua yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. Mgomba upelekee maji ya bafuni, na uache mama, mtoto na mjukuu (shina kubwa na machipukizi mawili), mengine yang'oe. Maji yenye jiki yasiguse mboga kabisa.

Mtu ataniuliza: na mpangaji? Kiwanja si chake, mwembe ataupanda kwa nani? Swali hili naliona zito kuliko yote, kwa sababu nimepanga miaka tisa na najua uchungu wa kuacha kitu ulichokilea. Mpangaji achukue gunia, aweke mnara wa kokoto katikati akitumia kopo lisilo na kitako, ajaze udongo na samadi pembeni, atoboe matundu ubavuni na kuchomeka sukuma wiki na chainizi. Hiyo ndiyo mlangoni kwake. Na mti pia anaweza kuwa nao. Mdogo wangu alikuwa amepanga chumba Tabata, Dar es Salaam, akachukua pipa la plastiki, akalikata nusu, akalitoboa chini, akapanda ndimu ya kubebesha na vitunguu majani kuizunguka. Vitunguu vilimfanya amwagilie. Mwaka wa tatu ikaanza kuzaa, na nyumba nzima ikawa inamgongea mlango wakipika samaki. Alipohama mwaka jana, kirikuu ilipofika, walipakia kitanda, wakapakia friji, halafu vijana wanne wakalinyanyua lile pipa na ndimu zake kumi na moja juu, na yeye akapanda nyuma kulishikilia mpaka Mbagala.