Wastaafu watatu, kochi moja: maswali yenu kuhusu greihaundi

Tangu nitaje katika safu hii kwamba hapa Sheffield, Uingereza, ninaishi na mbwa watatu waliostaafu mbio, mmesahau kabisa kuniuliza habari za kodi na viza. Sawa, leo ni zamu ya mbwa. Kwa asiyewajua, greihaundi ni yule mbwa mwembamba mwenye kifua kikubwa, kiuno cha nyigu na miguu mirefu, anayefugwa kwa mashindano. Akifika miaka mitatu, minne au mitano kazi imekwisha, na ndipo hutafutiwa nyumba ya kumalizia maisha. Wangu ni Dodo, jike mweusi. Kashata, dume wa milia. Na Mzee, ana miaka 11 na uso mzima umejaa mvi.

Shikamoo shangazi. Mbwa wa mbio si lazima umkimbize kutwa? Wewe unakwenda kazini, unawakimbiza saa ngapi? (Msomaji, Nairobi)

Marahaba. Siwakimbizi. Mbio za kawaida hapa ni kama mita 480, na humalizika kwa takriban nusu dakika. Mbwa akishakimbia hurudi bandani kulala, akisubiri siku nyingine ya kazi. Kwa hiyo kitu alichokifanyia mazoezi maisha yake yote ni kulala. Wangu wanaweza kulala saa 18 kati ya 24. Tunatembea nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, basi. Mvua ikinyesha Dodo hutoa pua mlangoni, huitazama mvua kama mtu aliyeletewa bili ya jirani, kisha hurudi kwenye kochi bila hata kukojoa.

Kochi lenyewe si langu tena. Kashata hulala chali, miguu yote minne hewani, shingo imepinda, meno nje. Fundi wa bomba alipomwona hivyo alivua kofia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Pole, mama, naona mbwa wako amekufa."

Na wanajamba. Hilo hakuna anayekuambia siku ya kuwachukua.

Dada, nimemchukua dume wa miaka minne, hii ni wiki ya pili. Hapandi ngazi. Anaweka mguu mmoja kwenye kipandio cha kwanza, anatetemeka na kulia. Chumba changu kiko juu, na usiku analia peke yake chini. Ni mgonjwa? (Msomaji, Leicester)

Si mgonjwa, hajapata kuona ngazi. Wengi wa wanaokimbia Uingereza huzaliwa Ireland. Mfunue wako masikio: akiwa na tatuu kwenye masikio yote mawili, ametoka huko, ikiwa kwenye sikio moja tu, ni mzaliwa wa hapa. Kutoka shamba alikozaliwa alipelekwa banda la mkufunzi, kutoka bandani akapandishwa gari kwenda uwanjani, akarudi. Zulia halijui. Mashine ya kufulia haijui. Dodo siku ya kwanza aligonga mlango wa kioo wa bustani kwa pua, akageuka, akamkuta greihaundi mweusi ndani ya mlango wa tanuri, akambwekea mpaka sauti ikamkauka.

Kwa ngazi, tafuta mtu wa pili, na mvalishe ule mkanda wa kifuani wenye mshikio mgongoni. Mmoja akae nyuma yake asianguke. Mwingine ashike mguu wa mbele, auweke kwenye kipandio, kisha wa pili, kisha ya nyuma mmoja mmoja, soseji ikiwa mbele ya pua muda wote. Usimvute kwa kola. Kupanda si kazi sana, hatari iko kwenye kushuka, kwa sababu ataangalia chini, ataona ni mbali, na ataamua kuviruka vipandio vyote kwa mara moja. Miguu ile ni miembamba kama fito, itavunjika. Kaa mbele yake, shuka naye kinyumenyume. Kama ngazi zako ni mbao tupu, gongelea vipande vya zulia.

Mzee alijifunza kwa siku nne, Kashata kwa siku moja. Dodo alikataa wiki tatu nzima. Halafu usiku mmoja nikasikia kucha zikigonga mbao, ta-ta-ta, nikawasha taa nikamkuta amejinyoosha kitandani kwangu. Shuka zote zikaenda mashine. Kushuka ndipo akakumbuka kwamba hajui, nikambeba kilo 27 saa tisa za usiku.

Kulia kwake usiku pia si kwa sababu ya ngazi tu. Bandani hulala wawiliwawili, na kuna mwenzao upande wa pili wa ukuta. Wako hajawahi kuwa peke yake tangu azaliwe. Shusha godoro, ulale naye sebuleni wiki hizi za mwanzo, kisha rudi juu kidogo kidogo. Mimi nilipofika nchi hii nilisimama chini ya ngazi za umeme uwanja wa ndege mpaka watu nyuma yangu wakaanza kuguna, kwa hiyo simcheki mbwa.

Wewe mtoto wa Tanga, umesoma madrasa kama sisi. Mbwa watatu ndani ya nyumba? Mama yako anasemaje? (Msomaji, Tanga. Hakusalimia)

Shikamoo wewe kwanza, maana lugha yako ni ya mkubwa. Mama alisema yote unayoyawazia na akaongeza yake.

Sitoi fatwa, si kazi yangu. Kwetu pwani tumelelewa kwa madhehebu ya Shafii: mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Jirani yangu hapa ni Mmorocco, ni Maliki, na kwao mbwa si najisi. Tunabishana hilo vizuri tu juu ya uzio, kila mmoja anarudi ndani na lake. Nyumbani nimepanga hivi. Chumba kimoja cha juu mbwa hawaingii, mlango wake haubaki wazi hata dakika. Humo kuna msala na nguo za kuswalia. Vyombo vyao vina beseni lake nje ya jikoni, na ndoo ya udongo mkavu ipo, ambayo mume wangu huonyesha wageni kama kivutio cha utalii. Lile swali la malaika kutoingia nyumba yenye mbwa, ambalo najua ndilo ulilolikusudia, nalibeba mwenyewe.

Mama alikuja, akakaa miezi miwili. Siku ya kwanza alikaa kwenye ncha ya kiti, kanga ameikusanya magotini. Hawa si mbwa wa kumrukia mtu. Mzee alisimama mbali kidogo, akamtazama, akaegemea ukuta kama mtu anayesubiri daladala. Wiki ya pili nikamsikia mama kutoka jikoni akimwambia, "Na wewe kaa basi, huchoki?" Lakini kukaa kitako ndiko hawawezi vizuri, misuli ya mapaja imejaa mno, husimama au hulala. Hakumgusa hata mara moja mpaka anaondoka. Siku hizi akipiga simu huuliza watoto, huuliza mume, halafu: "Na yule mtu mzima kashakula?"

Nina paka. Naweza kumchukua greihaundi? (Msomaji, Rotterdam)

Inategemea mbwa mwenyewe. Kuna anayelala na paka tumboni, na kuna ambaye hatakuja kubadilika hata umsomee dua. Mashirika yanayowatafutia nyumba huwajaribu kwa paka kwanza. Uliza, na usikubali jibu la "nadhani". Mwanzoni mvalishe kile kikapu cha mdomoni hata ndani ya nyumba. Na paka aliyezoeleka sebuleni akikimbia bustanini, kwa macho ya mbwa yule si paka wenu tena, ni windo.

Nje, kamba haitoki. Kwa hatua chache tu mbwa huyu anafikia kilomita 60 kwa saa na zaidi, na akishafika hapo hasikii jina lake. Mimi nilikuwa nimezungusha kamba mkononi mara mbili, kosa langu mwenyewe, Kashata akaona kindi. Niliburutwa juu ya majani kama gunia, nikavunjika kifundo cha mkono. Kindi alikuwa mtini tayari. Sasa nikitaka wakimbie nakodi kiwanja chenye uzio mrefu kwa nusu saa. Wanazunguka mara tatu, kisha wanakwenda kusimama mlangoni.

Mbwa wangu mstaafu meno yameoza, daktari anataka kumpiga nusukaputi amsafishe. Naogopa. (Msomaji, Dublin)

Meno mabovu ni kawaida yao, basi asafishwe mapema. Lakini muulize daktari kama ameshawahi kuwashughulikia greihaundi. Mwili wao hauna mafuta ya maana, na ini lao huvunja polepole dawa kadhaa za usingizi, hasa zile za zamani za jamii ya barbituriti kama thiopentali. Daktari anayewajua ana dawa nyingine. Vipimo vya damu navyo hudanganya: seli nyekundu huwa juu, chembe sahani (zile za kugandisha damu) chini, homoni za thairoidi chini, na kwao hiyo ndiyo afya. Asiyewajua anaweza kumwanzishia vidonge vya maisha kwa ugonjwa asio nao.

Damu hiyo nzito ina faida yake. Wengi huitwa kuwachangia damu mbwa wagonjwa. Dodo huchangia, na hurudi na bandeji shingoni akitembea kama diwani.

Je, unabeti? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapana. Upepo ukiwa wa upande wetu nasikia kipaza sauti cha Owlerton, uwanja wa mbio za mbwa, na Mzee huinua kichwa. Mchezo huu wa sungura wa bandia ulianza Uingereza mwaka 1926, Belle Vue, Manchester, na ulikuwa burudani ya wafanyakazi wa viwandani. Sasa unapungua. Florida, Marekani, walipiga kura mwaka 2018 na mbio zikafungwa mwisho wa 2020. Serikali ya Wales ilitangaza mwaka 2025 kwamba itazipiga marufuku. Sitalia zikiisha. Mbwa hukimbia kinyume cha saa, kona zote upande mmoja, na mguu wa nyuma wa kulia ndio unaobeba mzigo. Kashata alivunjika huko huko. Asubuhi za baridi nasikia anavyoshuka ngazi: tatu nzima, moja nusu. Hata hivyo mkufunzi aliyenikabidhi Mzee alilia, akarudi garini mara mbili kumuaga.

Hao ndio saluki wetu? (Msomaji, Muscat)

Ni jamaa tu. Saluki, mbwa wa kuwinda wa Waarabu, ana masikio yenye nywele kama hariri na pumzi ya mbio ndefu jangwani. Wangu ni wa nusu dakika. Wabedui walimlaza saluki hemani, wakimhesabu tofauti na mbwa wengine. Nimemweleza mama hilo. Alisema, "Hao wako si wa Bedui."

Wajukuu wanakuja Desemba. Ni wapole kwa watoto? (Msomaji, Birmingham)

Ni wapole sana, wakiwa macho. Shida ni usingizi. Wengi hulala macho wazi, mtoto anadhani mbwa anamtazama, anamrukia shingoni, naye anashtuka na kung'ata kabla hajajua yuko wapi. Bandani hakuna aliyewahi kumgusa akiwa amelala. Mpe kona ambayo mtoto haingii, na wafundishe wajukuu wamwite jina kwanza wakiwa mbali. Kwetu watoto wanaita "Mzee!" na wanangoja. Sikio likicheza, wanasogea. Lisipocheza, wanamwacha.